Kadi ya Mzee Mmoja

Mwaka ule kampuni niliyokuwa nafanyia kazi Iringa ilitutangazia jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliomba. Nyapara alisimama mbele ya ghala akasoma karatasi kwa sauti: kila mfanyakazi aliyemaliza miaka mitatu anaruhusiwa kumwandikisha mzazi wake mmoja kwenye zahanati ya kambi. Mzazi huyo atatibiwa kama sisi wenyewe. Atapewa dawa, atapewa kitanda akizidiwa, na ikibidi atapelekwa kwa gari la kampuni mpaka hospitali ya serikali mjini, akapasuliwe. Sisi tutakatwa kidogo kila mwezi.

Kisha akasoma masharti. Mzee alale nyumbani kwa mfanyakazi, humo humo kambini. Kila Jumatatu nyapara apite amwone kwa macho. Na jina likishaandikwa kwenye kadi halibadilishwi mpaka mwaka uishe, isipokuwa aliyeandikwa amekufa.

Watu walinung'unika, lakini mimi sikuona ubaya wa masharti hayo, na hata leo siuoni. Bila hayo kila mtu angeandikisha jirani yake, na mwenye majirani wengi angekodisha kadi kama baiskeli. Nataka niseme hivyo mapema, maana haya ninayoyaandika yanaweza kumfanya mtu afikiri nailaumu kampuni. Siilaumu. Kama kuna wa kulaumiwa nimejaribu kumtafuta, na kila nikimtafuta narudi kwangu, halafu napata wasiwasi kwamba hata huko ni kujipa ukubwa.

Wazazi wangu walikuwa wawili, na wote hai. Sisi ni Wanyakyusa, ila babu alihamia kwa Wasafwa, milimani juu ya Uyole, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara kuu ya Mbeya. Huko baridi ni kali, ndizi hazistawi, watu wanalima viazi na ngano. Baba alikuwa na ugonjwa wa mkojo. Ulikuwa unamziba, unatoka kwa matone, na safari nyingine hautoki kabisa mpaka aloweshwe kwenye maji ya moto. Mama alikuwa anakohoa. Lakini mama alikuwa anakohoa tangu mimi mdogo. Tulisema ni moshi wa jikoni, na yeye alisema hivyo hivyo.

Kulikuwa na njia nyingine. Usharika wetu wa nyumbani ulikuwa na chama cha kusaidiana wagonjwa. Ukitoa mchango wako kila mwezi, wazazi wote wawili wanapewa dawa kwenye zahanati ya misheni, na mtu akizidiwa vijana wa usharika wanambeba kwa machela. Ila zahanati ile haikuwa na mtu wa kupasua. Ilikuwa na dawa ya chupa, vidonge, na maombi. Sisemi kwa dharau. Maombi yao nimeyahitaji.

Mshahara wangu uliruhusu njia moja. Kwa hiyo ilinibidi nichague: kuwapa wote wawili kidogo, au kumpa mmoja kingi.

Ghalani nilifanya kazi na mwenzangu mmoja, Mhehe wa Idodi, mtu wa maneno. Nilimweleza.

"Kadi moja, wazazi wawili," alisema. "Mwandike anayekupenda."

"Wananipenda wote."

"Basi mwandike ambaye ukimwacha atakupiga."

"Wewe unamwandika nani?"

"Mama. Baba yangu alishaandikishwa na simba wa Idodi siku nyingi." Alicheka peke yake, akaendelea kushona gunia. Baadaye kidogo akasema, bila kunitazama, "Usifikiri sana, bwana. Mwenye kuumwa zaidi ndiye wa kwanza. Si ndivyo hata dresa wa zahanati anavyofanya?"

Nilirudi nyumbani nikachukua daftari langu. Nilisoma mpaka darasa la nne, na tangu hapo nina tabia ya kuandika mambo yangu, kwa sababu nikifikiri kichwani tu naona kila upande una haki. Ninalo bado daftari hilo. Niliandika: "Kuwapa wote kidogo ni haki, lakini kidogo hakimtoshi baba. Kumpa baba chote si haki, lakini kinamtosha. Mama anaweza kungoja." Nilisoma mara tatu. Kesho yake nikaenda kwa karani wa kampuni nikataja jina la baba, naye akaliandika kwa wino.

Sikumuuliza baba. Sikumuuliza mama. Mke wangu alikuwa jikoni, hatua nne kutoka nilipokuwa naandika, na yeye pia sikumuuliza.

Jioni ile nilimwambia. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Umeshaandikisha?"

"Nimeshaandikisha."

"Kwa wino?"

"Kwa wino."

Alitoa jiwe moja dogo kwenye maharage akaliweka kando. "Na alale humu, wamesema?"

"Ndivyo masharti."

"Basi mimi nitahama," alisema. "Nitamwomba mke wa Mhehe wako, hapo ukuta wa pili."

Hapa ni lazima nieleze kwa ajili ya wasio wa kwetu. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mke haingii nyumba aliyomo mkwe wake, hali mahali anapokula, na akimwona njiani anatoka pembeni anajifunika. Jina lake halitamki, wala hatamki neno linalofanana nalo. Analitafutia neno lingine. Mkwe naye anajiepusha hivyo hivyo. Si chuki. Ni heshima, na mtu anayeishika vizuri anasifiwa. Wengine waliobatizwa walikuwa wameanza kuilegeza, na mchungaji wetu alisema kuishika si dhambi na kuiacha si dhambi. Baba na mke wangu walikuwa wanaishika.

Kwa hiyo si kwamba sikujua. Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje mtu aliyezaliwa ndani ya jambo hilo alisahau. Nadhani ni kwamba nyumbani halikuwa na uzito. Kule mashamba ni mapana. Mmoja anapita chini, mwingine anapita juu, na siku inaisha bila taabu. Nilifikiri heshima ni kitu kinachokaa ndani ya watu. Sikujua kwamba inahitaji nafasi. Kambini nyumba zilikuwa za chumba kimoja, zimepangwa mstari, na mbele yake kulikuwa na njia moja iliyopita kwenye bomba moja la maji na kuishia kwenye vyoo.

Niliandika barua nyumbani. Mwalimu wa misheni aliwasomea, kisha akaniandikia majibu ya baba. Baba alisema anashukuru, atakuja baada ya kupanda, na mwisho aliuliza: "Mkwe wangu atakaa wapi?" Nilidhani ni maneno ya adabu, kama mtu anavyouliza habari za watoto. Nilijibu kwamba nimetengeneza pazia.

Kweli nililitengeneza. Nilishona magunia manne nikagawa chumba katikati. Baba aliposhuka kwenye lori, na gunia lake la viazi na fimbo, mke wangu alikuwa ameshahama tangu asubuhi na mkeka wake. Baba aliingia, akalitazama pazia, akalisukuma kwa ncha ya fimbo.

"Hiki cha kuzuia nini? Mbuzi?"

"Tata," nilimwita baba kwa lugha yetu, "ni kwa ajili ya heshima."

"Aha," alisema. Akakaa.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzuri, na lazima niziandike kama zilivyokuwa. Dresa wa zahanati alikuwa Mbena, mtu mpole mwenye mikono safi. Alimwingizia baba mpira, mkojo ukatoka, na siku ile baba alilala mchana kutwa kama mtoto aliyeshiba. Alipoamka alisema hajawahi kujua kwamba mwili una ukimya. Dresa aliniambia mpira si dawa, ni kupumzisha tu. Mzee anahitaji kupasuliwa, na daktari wa serikali atapita mwisho wa mwezi kuchagua wa kwenda naye. "Jina la baba yako nimeliweka la kwanza," alisema.

Chakula alipika mke wangu kwenye mafiga ya mke wa Mhehe, na mke wa Mhehe ndiye aliyekileta. Mama huyo hakuwa na mkwe wa kumwogopa, kwa hiyo kila siku alimsalimia baba kwa Kihehe na kumtania.

"Kamwene, babu. Leo utakula au utatupa mbwa?"

"Umepika wewe?"

"Mimi? Nimebeba tu. Amepika mtu fulani wa kwenu."

"Mwambie mtu huyo ndaga fijo," baba alisema, ndiyo kusema asante sana. "Mwambie chumvi imetosha."

"Nitamwambia chumvi imezidi."

Mke wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, anasikia yote. Mke wa Mhehe aliniambia kwamba alikuwa anacheka na kujifunika mdomo.

Kitu ambacho sikukiona ni hiki. Ili kwenda chooni ilikuwa lazima baba apite kwenye bomba. Kwenye bomba kulikuwa na wanawake, na katikati ya wanawake angeweza kuwapo mkwe wake. Basi baba alikuwa anachungulia kwenye ufa wa mlango. Akiona watu, anakaa kungoja. Mtu ambaye ugonjwa wake ulikuwa wa mkojo kutotoka alikuwa anakaa nyumbani kwangu anauzuia kwa makusudi, kwa ajili ya heshima, kila siku, na mimi nikirudi kazini namuuliza "Umeshindaje, tata?" naye anasema "Vizuri."

Ndoo ya ndani nilimpa. Hakuitumia. Aliuliza mwanamke anayesafisha chumba ni nani. Nilisema nitaisafisha mimi. Alisema, "Wewe uko kazini."

Wiki ya tatu maji yalikatika siku mbili, na yaliporudi wanawake wote wa kambi walikuja bombani na nguo zao tangu alfajiri. Haya niliyapata baadaye, kwa vipande, kutoka kwa baba mwenyewe na kwa mke wa Mhehe. Baba aliamka na haja. Alichungulia, akamwona mkwe wake anafua. Akakaa. Akachungulia tena, bado. Sijui mke wangu angejua angefanya nini. Nadhani angeondoka mbio na nguo zikiwa na sabuni. Hakujua. Jua lilipokuwa limepanda na bomba limebaki tupu, baba alitoka kwenda, na akagundua haja ipo lakini mkojo hautoki hata tone.

Alirudi ndani akaanza kuugulia maumivu. Mke wangu alisikia kupitia ukutani. Mke wa Mhehe alikuwa ameshakwenda sokoni. Wanaume wote tulikuwa kazini. Akasimama mlangoni pake, akasikia tena, kisha akakimbia zahanati.

"Njoo, mzee anaumwa," alimwambia dresa.

"Mzee gani?"

"Wa nyumba ya tatu kutoka mwisho."

"Jina lake nani, mama, nitafute kadi."

Mke wangu akaonyesha kwa kidole upande wa nyumba zetu.

"Mama. Jina."

"Ni mkwe wangu."

"Humu kambini wakwe ni wengi. Sema jina."

Hakulisema. Dresa alikuwa peke yake, mbele yake watu kumi wamepanga foleni na mmoja anatoka damu, na kadi zimo ndani ya sanduku kwa majina, si kwa namba za nyumba. Tena alikuwa ameshakaripiwa kwa kutibu mtu asiye na kadi. Alimwambia mke wangu akae pembeni apumzike, atamsikiliza. Alidhani amechanganyikiwa kwa hofu. Ni Mbena, anajua mambo ya wakwe, lakini hakujua kwamba kwetu yanafika mpaka kwenye ulimi. Mimi sikuwa nimemwambia.

Mke wangu hakukaa pembeni. Alikimbia mpaka ghalani, ng'ambo ya bonde, na kufika kwake nilimwona kabla sijamsikia. Unyayo wake mmoja ulikuwa umepasuliwa na jiwe. Alisema, "Nenda zahanati ukaseme jina." Hakusema kitu kingine. Mwenzangu Mhehe alininyang'anya karatasi mkononi, akasema, "Nenda, nenda, mimi nitahesabu."

Nilikimbia. Nililisema jina la baba mbele ya dresa. Lilitoka rahisi tu, kama jina lolote. Alichukua sanduku lake tukaenda.

Mpira safari hii uliingia kwa shida na ulitoka na damu. Baba alipata homa, akalazwa siku nne. Dresa alisema kama angepatikana saa moja mapema ingekuwa afadhali. Hakusema kwa kulaumu. Mimi pia sikuwahi kumlaumu mke wangu, ila siku moja nilimuuliza, na sasa natamani nisingeuliza, kwa nini hakulisema hata mara moja, hata kwa kunong'ona.

"Nilifungua mdomo," alisema.



Homa ilipopungua baba aliniambia anarudi nyumbani.

"Tata, daktari anakuja wiki ijayo. Jina lako ni la kwanza."

"Aje. Ataanza na la pili."

"Mke wangu naweza kumpeleka kwao kwa muda, mpaka upasuliwe."

"Umrudishe mtoto wa watu kwao kwa sababu ya mkojo wangu? Wazazi wake wakikuuliza kosa lake, utasema nini?"

"Nitasema ukweli."

"Ukweli ndio mbaya zaidi." Alicheka, halafu akakunja uso kwa maumivu. "Yule mtoto amekimbia mpaka ametoka damu mguuni. Mimi nimelalia kitanda chake, amefukuzwa nyumbani kwake, anakula kwa watu. Nimekuja kutibiwa au nimekuja kuvunja nyumba?"

Nilimwambia akienda bila kupasuliwa ugonjwa utamziba tena. Alisema anajua. Nilimwambia kwamba nimemchagua yeye. Sijui kwa nini nililisema hilo, labda nilitaka anionee huruma. Alisema, "Najua, mwanangu. Ndiyo maana nilikuja."

Nilifikiri kumzuia. Mtu mwingine angemzuia, angemwita nyapara, angemwita dresa amwambie kwa ukali. Lakini mtu mzima akikwambia anakwenda kwake utamshika wapi? Jumamosi alivaa koti akakaa mlangoni na fimbo. Mhehe alikuja kuaga.

"Ninyi watu wa milimani," alimwambia, "mnamwogopa mkwe kuliko kifo."

"Kifo tutaonana nacho mara moja tu," baba alisema. "Mkwe ni kila siku."

Mhehe alicheka sana, kisha akachukua mzigo wa baba akaubeba mwenyewe mpaka kwenye lori.

Nilipewa ruhusa ya siku chache, nikampeleka. Barabara ilikuwa ya vumbi mpaka Uyole, na kila lori liliposimama nilimwomba dereva asubiri, ili baba ajaribu kukojoa. Mama alikuwa ameteremka mlimani kutupokea. Nilimsikia kabla sijamwona, kikohozi kinatoka nyuma ya watu wa sokoni. Aliponishika mkono alikuwa na kitambaa kwenye kiganja, akakikunja haraka, lakini niliona wekundu.

Tulipanda. Ilitakiwa mama amsaidie baba, na kwa mtu anayetazama kwa mbali ilionekana hivyo. Lakini kila baada ya mwendo kidogo mama alisimama kufunga khanga ambayo haikuwa imefunguka, na baba alisimama naye, ananingoja nijifanye sijaona. Mara ya tatu baba aliniambia polepole, "Huyu ndiye ungemwandika."

"Mbona hukuniambia, tata?"

"Barua yako haikuuliza. Iliniita."

Niliporudi Iringa nilikwenda kwa karani. Nilimwomba aondoe jina la baba aandike la mama.

"Mzee amefariki?" aliuliza.

"Hapana. Amerudi nyumbani."

"Basi yumo kwenye kadi."

"Lakini hayupo hapa. Na mama anatema damu."

"Pole. Mwaka ukiisha tutabadilisha. Au mzee akifa." Alisema kwa upole, akasoma sharti lenyewe kwa kidole ili nione si yeye aliyelitunga. Kisha akatazama mlangoni akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Una hakika yuko hai?"

Nimelifikiria swali hilo miaka mingi. Sijui kama alikuwa ananifungulia mlango au anauliza tu kwa kazi yake. Iringa na milima ya Uyole ni mbali. Nani angekwenda kuangalia. Nilitaka kusema amekufa. Ulimi ulikuwa tayari. Nikasema, "Yuko hai."

Kwa muda nilijisifu moyoni kwamba nimesema kweli. Baadaye niliacha. Huenda haikuwa kweli bali woga, woga wa kumtamkia baba yangu kifo. Na kama ni hivyo, moyoni nilimwona mke wangu ana mdomo mzito, nami wangu ulikuwa mzito vile vile, ila wangu ukaitwa uaminifu.

Niliandikia chama cha usharika. Mwalimu akajibu kwamba chama kinapokea wanachama baada ya mavuno tu, kwa maana wakipokea siku yoyote watu watajiunga wakiwa wameshaugua, na chama kitakufa. Nililisoma jibu hilo mara nyingi nikitafuta kosa. Halikuwa na kosa.

Kwa hiyo kwa miezi mitano nilikatwa mshahara kwa ajili ya kadi ya mtu ambaye hayupo, na wazazi wangu wawili walikaa milimani bila kadi yoyote. Nyapara alipita kila Jumatatu, akakuta pazia la magunia, akaandika "yuko safarini." Mke wangu alirudi ndani ya nyumba yake. Aliniomba nilitoe pazia, nikalitoa.

Mvua zilipokaza nilipata barua. Baba alizibwa usiku mmoja, vijana wa usharika wakambeba kwa machela ingawa hatukuwa wanachama, wakateleza kwenye tope mara kadhaa, na hawakufika misheni. Wanasema njiani aliwatania kwamba wanambeba kama viazi. Nilifika siku mbili baada ya maziko, kwa sababu lori lilikwama.

Niliporudi kazini nilikwenda tena kwa karani. Safari hii hakuuliza mara mbili. Alisema pole, pole sana, akatoa kadi, akachukua rula akakata jina la baba kwa mstari ulionyooka. "Una mzazi mwingine?" Nikamtajia. Akaandika juu yake kidogo, kwa sababu nafasi ilikuwa moja.

Mama alikuja. Yeye na mke wangu hawakuwa na mwiko wa kuepukana. Walipika pamoja, walifua pamoja, na njia ya bombani mama aliipita apendavyo. Dresa alimpima, akampeleka mjini, akarudi na maagizo ya sindano za miezi mingi. Miezi ya kwanza ilikuwa ya mashaka. Kisha damu ikakoma. Kisha akaanza kunenepa usoni, akaanza kumsahihisha mke wa Mhehe jinsi ya kupika maharage, na mke wa Mhehe akamwita "mama mkwe wa kambi nzima."

Siku dresa alipomwambia sindano zimetosha, tulirudi pamoja tukakaa nje ya mlango. Nilijua natakiwa kufurahi, na nusu yangu ilifurahi. Mama alikuwa anamenya maharage mabichi. Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya kitu alichokwisha kununua:

"Siku ile unaandikisha jina la baba yako, juu yangu ulifikiri nini?"

Juba, ndivyo tunavyomwita mama. Nilisema, "Juba, nilifikiri wewe unaweza kungoja."

Alimenya ganda moja, akamenya jingine.

"Basi nimengoja," alisema.